Muziki wa Muda Uliogeuka wa Kudumu

Sisi tuliosomea ujenzi tunajua kwamba zege likishakauka, mbao zilizolishikilia hubomolewa. Katika historia ya muziki wa filamu kuna kisa ambacho mbao zilibaki na zege likatupwa, na ubishi wake haujesha hadi leo.

Mwaka 1967 Stanley Kubrick alikuwa akitengeneza filamu ya 2001: A Space Odyssey. Wakati wa kuunganisha picha aliweka muziki wa santuri, kama ilivyo desturi, ili picha zisikae bubu mpaka mtunzi amalize kazi. Mtunzi alikuwa Alex North, Mmarekani aliyekwisha mtungia Kubrick muziki wa Spartacus ya mwaka 1960. North alikwenda London, akatunga na kurekodi zaidi ya dakika 40 za muziki kwa wiki mbili hivi. Alijichosha hata, kwa maelezo yake mwenyewe, akapelekwa studio kwa gari la wagonjwa.

Aprili 1968 alihudhuria onyesho la filamu hiyo New York ili asikie kazi yake. Hakusikia hata noti moja. Kubrick alikuwa ameuzoea muziki wa muda, na mazoea yana taabu.

Aliyetumiwa muziki wake naye alikuwa na lake. György Ligeti, mtunzi aliyeikimbia Hungaria mwaka 1956, hakuulizwa, na utungo wake mmoja ulibadilishwa. Alilalamika, wanasheria wakaingia, akalipwa. Lakini muziki wake, uliojulikana na wachache katika kumbi za Ulaya, ulifika kwa mamilioni ya watu.

Wako wanaosema filamu ni ya mwongozaji, naye ana haki ya kuchagua. Wengine hujibu kwamba desturi hii imewafanya watunzi kuwa waigaji: mwongozaji hubandika muziki wa mtu mwingine, akauzoea, kisha akaagiza mwingine unaofanana nao.

Sisi tunaona kosa si kuchagua, bali kunyamaza. Mhandisi ambaye mchoro wake umekataliwa huambiwa kabla jengo halijafunguliwa. Wala tusiwanyooshee wengine kidole tu. Pale Mombasa marehemu Juma Bhalo alitupa raha kubwa kwa mashairi ya Kiswahili yaliyotiwa katika tuni za filamu za Kihindi, na arusini ni wangapi kati yetu waliouliza mwenye tuni ni nani?

North aliteuliwa kuwania Oscar mara 15 bila kushinda, ndipo mwaka 1986 akapewa ile ya heshima. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 1993 mtunzi mwenzake, Jerry Goldsmith, aliongoza okestra ya National Philharmonic kuurekodi upya muziki ule uliotupwa. Leo kila mmoja wetu anaweza kuusikiliza na kuamua kama Kubrick alikosea. Mwenye kazi hakuwahi kuisikia hukumu yetu.