Msitu unaofungwa jioni

Najua nimepotea. Kazi za muhula zilinikaba koo, nikawa napita tu kusoma vya wenzangu na kutoka kimya kimya. Leo chai iko pembeni, acha niwasimulie nilikokwenda Jumamosi iliyopita, maanake safari yenyewe imeniletea ubishi na mwalimu wangu wa historia.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Kilifi, nasoma ualimu hapa Delhi, mwaka wa pili, somo langu kubwa ni historia. Mwenzangu wa chumbani kwao ni Mathura, na tangu tujuane wimbo wake ni mmoja, "Twende nikakuonyeshe Vrindavan." Haya, tukapanda treni alfajiri, mwendo wa kama saa mbili hivi, tukashuka Mathura na kuchukua tuktuk.

Jina lenyewe linakwambia kila kitu. Vrinda ni mmea wa tulsi, aina ya mrehani ambao Wahindu huuheshimu mno, na vana ni msitu. Msitu wa mirehani. Kichwani nilishachora miti, kivuli na ndege. Kufika, ni mji! Vichochoro, mahekalu, foleni ya magari, ng'ombe katikati ya njia, na dereva wetu badala ya kupiga honi anapaza sauti "Radhe! Radhe!", yaani Radha, mpenzi wa Krishna. Ndiyo salamu ya huko pia. Nikamuuliza mwenzangu, sasa huo msitu uko wapi? Kabla hajanijibu, tumbili kanirukia begani na kutoweka na miwani yangu! Muuza duka mmoja wala hakushtuka. Akamrushia pakiti ya juisi, tumbili akaidaka na kuiachia miwani. Biashara imekwisha. Nikalipa juisi ya tumbili, watu wakacheka, tukaendelea.

Tuingie kwenye hadithi. Wahindu wanaamini kuwa Krishna alilelewa maeneo haya, kando ya mto Yamuna, miongoni mwa wachunga ng'ombe. Hapo ndipo alipomshinda Kaliya, joka lililotia sumu mtoni. Jirani yake kuna kilima cha Govardhan, ambacho alikiinua kwa kidole na kukishika siku saba ili watu na ng'ombe wao wajikinge na mvua ya hasira ya mungu Indra. Na usiku wa mwezi mpevu alipiga zumari, wasichana wa wachungaji wakatoka majumbani, akacheza nao msituni, kila mmoja akijiona kuwa yuko naye peke yake.

Ngoma hiyo, wanasema, haijaisha mpaka leo. Inachezwa kila usiku ndani ya Nidhivan, na ndiko mwenzangu alikokuwa akinipeleka.

Nidhivan ni kipande kidogo cha miti katikati ya mji, kimezungushiwa ukuta. Miti yake ni mifupi, imejipinda, mashina yana mapango, na matawi yanainama chini badala ya kupanda juu. Mingi imesimama kama imeshikana mikono. Wenyeji wanakwambia hiyo si miti, ni wale wasichana wenyewe. Jioni geti linafungwa, kila mtu anatoka. Ndani kuna kijumba ambamo makuhani hutandika kitanda, wakaweka maji, vitamu, tambuu na kijiti cha mwarobaini cha kupigia mswaki. Asubuhi, wanasema, kitanda kimevurugika na kijiti kimetafunwa. Atakayejificha humo usiku kuchungulia atapofuka, au atapata wazimu, au hataamka kabisa. Hata tumbili, eti, hutoka wenyewe giza likiingia.

Mimi nikataka kumuuliza mzee mmoja wa pale, ufunguo hukaa kwa nani? Mwenzangu akanifinya. Nikanyamaza. Ila jambo moja nililishika: ni mwiko kuchuma hata jani moja humo ukaenda nalo nyumbani.

Jumatatu nikampelekea mwalimu wazo langu la insha. Akalisoma, akanirudishia: "Hizi ni hadithi. Historia iko wapi?" Nikatoka nimenuna, nikaingia maktaba. Nilichokikuta ndicho hiki.

Kwanza, mji wenyewe umezaliwa na hadithi. Mnamo 1515 hivi, mtawa mmoja wa Bengal aitwaye Chaitanya alifika hapa akitafuta mahali palipotajwa katika maandiko. Baadaye wafuasi wake, kina Rupa na Sanatana, waliokuwa na vyeo vikubwa kwa sultani wa Bengal, waliacha kazi wakaja kuishi hapa, wakiandika vitabu na kuonyesha watu: hapa Krishna alifanya hili, pale alifanya lile. Mwaka 1590 Man Singh, jemadari wa mfalme Akbar, akakamilisha hekalu kubwa la Govind Dev kwa mawe mekundu. Akbar alikuwa Mwislamu, na bado aliyapa mahekalu ya huku mashamba. Zama za Aurangzeb ghorofa za juu za hekalu hilo zikabomolewa. Sanamu yake ilishahamishwa, na leo iko Jaipur. Miaka ya 1870 Growse, ofisa wa Kiingereza aliyeongoza wilaya ya Mathura, ndiye aliyesimamia ukarabati wa hekalu hilo.

Sasa tazameni mambo yalivyokwenda. Hadithi ikaleta watawa, watawa wakaleta mahekalu, mahekalu yakaleta mahujaji. Mahujaji wanahitaji nyumba za kulala, maduka na barabara. Msitu uliosifiwa na hadithi ukaliwa na watu walioifuata hadithi hiyo hiyo! Kwa nini basi Nidhivan imebaki? Nilivyoona mimi, hadithi nyingi za Vrindavan ni za mahali: alisimama hapa, aliketi pale. Mahali unaweza kupajengea hekalu na heshima ikabaki. Hadithi ya Nidhivan ni ya miti yenyewe. Ukikata mti umemkata msichana wa Krishna. Nani atathubutu?

Na msidhani natia chumvi. Usiku mmoja wa Septemba 2024, kwenye shamba moja hapo hapo Vrindavan, ilikatwa miti 454 bila kibali. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya India. Machi 2025 majaji wakathibitisha faini ya rupia laki moja kwa kila mti, wakasema kurudisha kijani kile kutachukua si chini ya miaka 100. Miti 454, mji ule ule, watu wale wale wanaosalimiana Radhe Radhe. Ile haikuwa na hadithi. Ilikuwa na sheria tu, na sheria ilifika asubuhi, miti ishalala chini.

Ndiyo maana nitaiandika insha yangu vile vile. Kama Krishna hucheza humo usiku au la, hilo si langu kupima. Lakini kwamba watu wanaamini, na kwa imani hiyo panga halijaingia, hiyo ni historia, tena unaweza kuigusa kwa mkono (ila jani usichume!).

Kuna jambo jingine lililoniuma nikiwa kwenye treni ya kurudi. Kwetu Kilifi tuna kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Baadhi yake imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Utotoni bibi yangu alikuwa akitukataza kuokota hata kuni kule, na kila katazo lilikuwa na kisa chake. Mimi, msomi wa kidato cha kwanza, nilimcheka. Nikamwambia, bibi, hizo ni hadithi tu. Maneno yale yale ya mwalimu wangu, na mimi ndiye niliyenuna nilipoambiwa!

Bibi yuko hai, masikio yameanza kuwa mazito. Jumapili nilimpigia, nikamwomba anisimulie kimoja tu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama leo nina nafasi ya kusikiliza. Nilikuwa na salio la dakika kumi. Nilikata kisa hakijafika katikati.

Mwisho wa mwezi nitaweka salio la kutosha na daftari mkononi. Na nyie wenzangu, mna bibi na babu huko nyumbani? Pigeni simu. Insha ni Ijumaa, niombeeni. Radhe Radhe!