Taimingi
Fundi wa magari akisema taimingi imeruka, hazungumzii saa. Anazungumzia uhusiano wa shafti mbili: krenki inayozungushwa na pistoni, na kamu inayofungua valvu. Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara 2 kamu ikizunguka mara 1. Cheni inayoziunganisha ikiteleza wakati wa matengenezo, hata jino moja tu, valvu hufunguka mapema au huchelewa. Ikiruka meno zaidi, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu na kuzipinda.

Kwa hiyo kuseti taimingi ni kazi ya utulivu. Pistoni ya kwanza hupandishwa juu kabisa, alama za gia zikalinganishwa, kisha krenki ikazungushwa polepole kwa spana mizunguko 2 kamili kabla ya kuwasha. Ikigoma njiani, usiilazimishe. Fungua uanze upya.

Ukiiita kazi hiyo “kurekebisha muda”, umepoteza kiini chake, kwa sababu kinachorekebishwa ni mahali shafti moja ilipo kwa kulinganisha na nyingine. Neno la gereji limeshika maana hiyo barabara. Naliunga mkono liingie kamusini, kama breki na gia.