Mdhamini katika Safari ya Elimu ya Juu: Udahili wa Vijana wa Musoma, Bunda na Butiama tangu 1934

1.0 Utangulizi

Katika historia ya elimu ya Tanzania, mji wa Musoma hutajwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndipo ilipo Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanzia masomo Julius Kambarage Nyerere mwaka 1934. Pili, ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana mwezi Novemba 1974 na kutoa maagizo yaliyobadilisha njia ya kuingia chuo kikuu kwa vijana wa nchi nzima. Kwa kawaida matukio haya mawili huelezwa mbalimbali: la kwanza katika wasifu wa kiongozi, la pili katika historia ya sera. Insha hii inayaweka pamoja, kwa kuwa yote mawili yanahusu swali moja: kijana aliyefaulu masomo yake anahitaji nani ili afike chuoni?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufaulu wa mtihani haukuwahi kutosha peke yake. Katika kila kipindi mwanafunzi alihitaji mtu au taasisi ya kumshuhudia, kumwelekeza na kumgharimia. Katika insha hii mtu huyo au taasisi hiyo inaitwa mdhamini. Alikuwa mtemi na mmisionari wakati wa ukoloni, serikali baada ya uhuru, mwajiri na tawi la chama baada ya mwaka 1974. Katika miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa kwa sehemu kubwa na nyaraka. Aliyekuwa mdhamini ndiye aliyeamua nani aingie na nani abaki nje.

2.0 Mtemi, Misheni na Mtihani, 1934–1961

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Alipopelekwa Mwisenge alikuwa na umri wa miaka 12. Masimulizi ya maisha yake yanamtaja Mtemi Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo limo wilayani Bunda, kuwa ndiye aliyeuona wepesi wa akili ya mtoto huyo na kumshauri baba yake ampeleke shule. Kwa hiyo hata mtoto wa mtemi alihitaji mtu wa nje ya nyumba yake wa kumsemea. Kutoka Butiama hadi Musoma ni mwendo wa takribani kilomita 40, na shule ilikuwa ya bweni. Uamuzi wa kumtoa mtoto malishoni na kumweka mbali na nyumbani haukuwa mwepesi kwa mzazi ambaye hakuwa na mfano wa faida yake.

Mwaka 1937 Nyerere aliingia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa watemi. Mwaka 1943 alikwenda Makerere, Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo cha kiwango hicho. Alihitimu stashahada ya ualimu mwaka 1945, akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Hapo mdhamini wa pili alijitokeza. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, alimhimiza aendelee na masomo. Stashahada ya Makerere haikutosha kumwingiza katika chuo kikuu cha Uingereza, hivyo mwalimu huyu kijana alijiandaa na kufaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, akapata ufadhili wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1949 akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alihitimu shahada ya uzamili ya sanaa mwaka 1952.

Njia hiyo inatoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ilikuwa na ngazi nyingi, na kila ngazi ilikuwa na mlango wake na mlinzi wake. Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh hazikuwa sehemu za mfumo mmoja ambao kijana angepanda kwa kufaulu tu. La pili ni kwamba msaada wenyewe ulikuwa wa mtu kwa mtu. Padri aliyemfahamu mwalimu aliweza kumweleza ni mtihani gani unatakiwa na ni nani wa kuandikiwa barua. Aliyekosa mtu wa namna hiyo hakujua hata kwamba mlango upo. Wasichana walikuwa mbali zaidi na njia hiyo, kwa sababu shule iliyokusudiwa kuwaandaa warithi wa utemi haikuwahesabu. Ni jambo la kuzingatia kwamba Nyerere mwenyewe, alipokuwa Makerere, aliandika insha iliyotumia mawazo ya John Stuart Mill kuitazama hali ya wanawake katika jamii aliyotoka.

3.0 Serikali kama Mdhamini, 1961–1974

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Mara hakulazimika tena kwenda Kampala au Ulaya. Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alisoma sheria Dar es Salaam katika muongo huo.

Katika kipindi hiki mdhamini alikuwa mmoja na alijulikana. Serikali ililipa gharama za masomo, ikapanga idadi ya wataalamu waliohitajika, na ikampangia mhitimu kazi. Mwanafunzi aliyefaulu kidato cha sita hakuwa na haja ya kutafuta padri wala mtemi. Hata hivyo, udhamini huu ulikuwa na deni lake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria iliyowalazimisha kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao takribani wanafunzi 400, akatangaza pia kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, lakini swali lililozuka siku ile halikufutika: je, chuo kinazalisha watumishi wa wananchi au tabaka linalojiona limestahili? Andiko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilikuwa jibu la kinadharia. Jibu la kiutendaji lilitoka Musoma miaka saba baadaye.

4.0 Azimio la Musoma na Mdhamini Mpya

Maagizo ya Novemba 1974 yalikuwa na sehemu mbili kuu. Sehemu ya kwanza ilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa. Utekelezaji wake ulihitaji walimu wengi kwa muda mfupi, na vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa vijijini kwao. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kuendelea na masomo kwa kijana ambaye hakuchaguliwa kuingia kidato cha kwanza.

Sehemu ya pili ilihusu chuo kikuu. Ilifuta desturi ya kutoka kidato cha sita na kuingia chuoni moja kwa moja. Baada ya hapo mwombaji alitakiwa kumaliza utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na kuleta ushuhuda wa tabia na bidii yake kutoka kwa mwajiri wake na tawi la chama mahali pa kazi. Nia ilikuwa wazi. Anayesomeshwa kwa jasho la mkulima ajue kwanza kazi ni nini, na wanaofanya kazi naye waseme kama anastahili. Sera hii pia iliwafungulia njia watu wazima waliokuwa kazini, ambao mfumo wa awali uliwaacha mara tu walipokosa nafasi wakiwa vijana. Karani au fundi aliyejiendeleza angeweza kuketi darasa moja na aliyetoka kidato cha sita. Faida hii haipaswi kupuuzwa.

Lakini kwa mtazamo wa insha hii, jambo kubwa lililotokea Musoma ni kuhama kwa mdhamini. Ushuhuda ulitoka mikononi mwa mwalimu, aliyemjua mwanafunzi kwa masomo yake, ukaenda kwa meneja na katibu wa tawi, waliomjua kwa utumishi wake. Matokeo yake yalionekana mapema katika maeneo mawili.

La kwanza ni upungufu wa waombaji katika fani za sayansi na uhandisi. Mwanafunzi wa hisabati anayekaa miaka mitatu bila kushika daftari husahau mengi, na mwajiri aliyempata kijana hodari hakuwa na haraka ya kumwachia.

La pili, na zito zaidi, ni kupungua kwa wanawake. Miaka mitatu kati ya kidato cha sita na chuo ni ile ambayo msichana wa wakati ule aliolewa na kuzaa. Baada ya hapo masomo yake yalihitaji ridhaa ya mume na jamaa zake juu ya ridhaa ya mwajiri na chama. Sharti lililoandikwa kwa usawa kwa wote liliwaangukia wanawake kwa uzito usio sawa. Serikali ililiona hilo: kabla ya muongo huo kwisha, wasichana waliruhusiwa tena kuingia chuoni moja kwa moja. Baadaye masharti yalilegezwa kwa makundi mengine, na katika miaka ya 1980 udahili wa moja kwa moja ulirejea.

Inafaa kusisitiza kwamba kulegezwa huku hakukuthibitisha kuwa nia ya Azimio ilikuwa mbaya. Kulithibitisha kuwa kila sharti la udahili lina upande wa pili usioandikwa, na upande huo hujulikana tu kwa kuuliza nani ametoweka katika orodha ya waombaji.

5.0 Nyaraka Badala ya Mdhamini

Mageuzi ya uchumi yaliyofuata yalimwondoa mdhamini mkuu. Katika miaka ya 1990 uchangiaji wa gharama uliingia katika elimu ya juu na vyuo vikuu binafsi viliruhusiwa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichoanza Mwanza mwaka 1998, kiliileta elimu ya juu karibu zaidi na watu wa Bunda na Musoma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ilianza mwaka 2005, ikaendesha mfumo wa pamoja wa udahili kuanzia mwaka 2010 hadi mwaka 2017, ambapo waombaji walirudishwa kuomba katika chuo kimoja kimoja. Wakati huohuo shule za sekondari za kata zilienea. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022.

Milango imekuwa mingi kuliko wakati wowote. Hata Butiama pamepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere. Lakini ushuhuda uliokuwa ukitolewa na mtu sasa unatolewa na karatasi. Mwombaji wa mkopo anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, uthibitisho wa kisheria, na mdhamini mwenye kitambulisho. Yote hukamilishwa kwa njia ya mtandao, ndani ya muda maalumu, katika miezi ambayo mwanafunzi amekwisha kuondoka shuleni.

Hapa ndipo historia inapotusaidia kuona pengo. Wakati wa Padri Walsh, mwalimu ndiye aliyejua njia. Wakati wa Azimio, tawi la chama lilikuwa na wajibu wa kumwandikia mfanyakazi. Leo hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kijana wa kijiji cha ndani wilayani Butiama, aliyefaulu na anayestahili mkopo, amepata cheti cha kuzaliwa kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mzigo ni wa familia, na familia hazilingani. Mtoto wa mtumishi mjini Musoma ana mzazi anayejua mfumo. Mtoto wa mvuvi au mfugaji ana mzazi anayejua tu kwamba mwanawe amefaulu. Msichana aliyekimbia ukeketaji au ndoa ya utotoni anaweza kuwa na mzazi aliye hai lakini asiyekuwa tayari kutia sahihi.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba, tangu Mwisenge ya mwaka 1934 hadi maombi ya mtandaoni ya leo, kijana wa Mara ameingia chuoni kwa ufaulu wake pamoja na mkono wa mtu mwingine. Historia hii haidai kurudishwa kwa mtemi, wala kwa katibu wa tawi. Inadai kwamba kazi waliyoifanya itambuliwe kuwa ni kazi, na ipewe mwenyewe. Shule zenye kidato cha tano na cha sita zina walimu wanaowajua wanafunzi wao, na zina miaka miwili ya kuwa nao. Kukusanya vyeti, kueleza tahasusi inafungua milango ipi, na kuwaandaa wanafunzi kuomba kabla hawajatawanyika ni mambo yanayoweza kufanyika katika muda huo, endapo yatawekwa katika majukumu ya mwalimu aliyeteuliwa na kupimwa kama yanavyopimwa matokeo ya mtihani.

Azimio la Musoma lilisahihishwa kwa sababu kulikuwa na waliohesabu wasichana waliopotea. Mfumo wa sasa nao utasahihishwa pale kila shule itakapotakiwa kueleza si wangapi wamefaulu tu, bali wangapi kati ya waliofaulu walifika chuoni, na waliobaki nyumbani walikwamishwa na nini.