Kobalti yetu kwenye ncha ya kisu cha kerezo

Wenzangu, siku hizi mtu akitaja kobalti tunafikiri betri tu: simu, gari za umeme, na makelele yote ya Kolwezi. Lakini mbele ya betri, kobalti ya Katanga ilikuwa na kazi ingine, na hiyo njo inanigusa zaidi. Mimi ni mtu wa kilimo, na huku kwetu shafti ya kinu au pampu ya maji inapona ao inakufa mbele ya kerezo, ile masini mafundi wanaita tour. Chuma kinazunguka, kisu kinakikula. Sasa kisu ambacho nacho ni chuma kitakula chuma kingine namna gani bila kuisha chenyewe?

Katika karne ya 19 visu vilikuwa vya chuma cha kaboni. Shida ilikuwa joto: ncha ikipita digri 200 na kitu, inalegea. Kwa hiyo masini ilizunguka polepole, kazi ya saa moja ikakula siku. Mwaka 1868 Mwingereza Robert Mushet alitoa chuma chenye tungsteni ndani, ambacho kilikuwa kigumu kwa kupoa hewani tu. Ikawa afadhali.

Halafu akaja Frederick Taylor. Ndiyo, ni yule yule wa kozi ya organizasio ya kazi, yule wa kupima wafanyakazi kwa saa! Walimu wetu hawatuambiagi kama mtu huyo alipoteza miaka 26 akichunguza visu vya kerezo, na kama zaidi ya tani 350 za chuma ziligeuka maranda kwenye majaribio. Kati ya 1898 na 1900, kule Bethlehem, Pennsylvania, yeye na Maunsel White walifanya kitu ambacho kila mhunzi alikikataza: walipasha kisu moto hadi karibu na kuyeyuka. Wote waliamini chuma kikipita joto fulani kimeharibika. Kumbe kinaharibika kweli, lakini ukiendelea kupandisha, chuma chenye tungsteni na kromu kinarudi kuwa bora kuliko mwanzo. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 watu waliona ncha imekuwa nyekundu kwa moto na bado inakata. Njo asili ya ile mafundi wetu wanaita acier rapide. Ilibidi hata kerezo zenyewe zijengwe upya, juu za zamani hazikuwa na nguvu ya kumfuata kisu.

Kobalti inaingia hapa. Huko Indiana, Elwood Haynes aliichanganya na kromu akapata Stellite. Lakini hatua kubwa ilitoka kwenye balbu za taa, mtu hawezi kufikiri! Ili kuvuta nyuzi za balbu, Wajerumani wa Osram walihitaji almasi, na almasi ni bei. Mwaka 1923 Karl Schröter alichukua unga wa kabidi ya tungsteni, akautia kobalti kidogo, akaubana, akauoka kwenye digri 1400 hivi. Kobalti inashika punje kama vile simenti inashika mawe. Krupp wakanunua haki, na 1927 wakaonyesha visu vyake Leipzig kwa jina Widia, kwa kifupi "kama almasi" kwa Kijerumani.

Ilikuwa miaka ile ile ambayo Union Minière ilikuwa inaanza kutoa kobalti Katanga. Tangu hapo viwanda vya mbali vilituangalia sana. Mwezi wa 5 mwaka 1978, vita ilipoingia Kolwezi, bei ya kobalti duniani ilipanda zaidi ya mara tatu. Tungsteni nayo tuko nayo, Kivu na Maniema. Leo sehemu kubwa ya kobalti inaenda China kama hidroksidi, na fundi wa Lubumbashi ananunua plakete, kale ka pembetatu kadogo, kwa dola.

Anunue kweli? Mimi naona si kila mara. Kabidi inapenda masini ngumu, mwendo wa juu, na umeme usiokatika. Kura ikikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, ncha inavunjika palepale. Jiwe la kawaida la kunolea haliiwezi. Acier rapide inavumilia kerezo ya zamani inayotetemeka, na inanolewa dakika mbili. Kwa chuma kigumu sana ao vipande mia vya kufanana, hapo plakete inalipa.

Kwa tiyo za umwagiliaji hesabu ni ingine tena. Kikatio cha gurudumu kinakata vizuri, lakini kinasukuma chuma ndani, na mdomo wa tiyo unakuwa mwembamba. Msumeno unaacha meno yanayopasua mpira wa kiungo, maji yanavuja, na baadaye tunasema mkulima hajui kutunza. Ndani, pitisha kisafisha-mdomo cha umbo la koni, ao tupa ya nusu duara; nje, tupa bapa inatosha. Tena tupa hiyo ni chuma cha kaboni tu, cha mbele ya Mushet.