SOMO LA LEO: SAA YA KOMPYUTA NA SAA YETU

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo tutaandika.

Ziko kazi za kompyuta zinazorudiwa siku zote, kama vile kutoa nakala za hesabu. Mtu akilala au akisahau, nakala hazipatikani. Mwaka 1979 maabara ya Bell Labs, huko Marekani, ilitoa toleo la 7 la programu ya Unix. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iitwayo cron, jina litokalo katika neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Cron ni kama mlinzi wa zamu. Kila dakika huamka, hutazama orodha ya kazi, na kazi iliyofika saa yake huianzisha. Mwaka 1987 Mmarekani Paul Vixie aliandika cron nyingine, akaitoa bure, nayo ikaenea sana.

Namna ya kuandika orodha ni ile ile hata leo. Kila kazi ina mstari wake, na mbele ya kazi pana nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya juma. Alama ya nyota maana yake ni “kila”.

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme chama cha ushirika chataka nakala ya hesabu kila Jumatatu, saa moja asubuhi. Karani aandika:

0 1 * * 3

Je, amepata? La, amekosa mara mbili. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 1 ni saa saba usiku. Tena huhesabu siku kuanzia Jumapili, ambayo ni 0. Sisi twaanza na Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu kwetu ni siku ya tatu, lakini kwa kompyuta ni 1. Nakala itatoka Jumatano usiku wa manane umepita, na Jumatatu karani hataona kitu. Cron haitamwonya, kwa kuwa imetii kama ilivyoandikiwa. Mstari ulio sawa ni huu:

0 7 * * 1

Kwa saa za mchana, ongezeni 6. Kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku, ongezeni 18. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, toeni 6.

Zoezi: andikeni mstari wa kazi ya kila siku, saa mbili usiku.

Jibu: 0 20 * * *

Kwaherini.