Saa ya kazi ya Org

Sehemu ya programu huria ya kuhariri matini, GNU Emacs, inayorekodi muda unaotumika katika kila shughuli. Org, kifurushi chenye saa hiyo, ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Amsterdam, ikaingizwa katika Emacs 22 mwaka 2007. Mtumiaji huwasha saa akiwa kwenye kichwa cha kazi; akiizima, chini yake hubaki mstari kama huu:

CLOCK: [2024-05-06 Mon 09:00]--[2024-05-06 Mon 10:30] =>  1:30

Ni maandishi matupu, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa: yatasomeka miaka mingi baadaye, hata bila Emacs.

Anayetaka kukipanua kifurushi hana haja ya kugusa msimbo wake wa asili. Org imeacha kulabu, zikiwemo org-clock-in-hook na org-clock-out-hook, ambako mtu huning'iniza funksheni yake ya Emacs Lisp, lugha ya kupanulia Emacs. Saa ikizimwa, funksheni hiyo yaweza kuhifadhi faili papo hapo au kutuma taarifa kwenye programu nyingine. Jedwali la muda, linalojumlisha rekodi hizo za saa, nalo hupokea kigezo :formatter, hivyo ripoti hupangwa apendavyo mwenyewe, hata ikawa ankara ya mteja.

Kifurushi cha kurekodi muda kilichoitangulia Org, timeclock cha John Wiegley, pia kina kulabu. Kumbukumbu zake husomwa na Ledger, programu ya hesabu aliyoiandika yeye mwenyewe.