Shiwa Ng'andu: nyumba ya Mwingereza aliyekuja kupima mupaka wa Katanga

Mutu anayetoka Lubumbashi na kupitia Kasumbalesa anavuka mupaka uliopimwa kwa miguu kati ya 1911 na 1914. Wakati ule tume ya Waingereza na Wabelgiji ilitembea mu pori na kuweka alama zenye kutenganisha Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo. Mumoja wa maofisa Waingereza wa ile tume alikuwa kijana wa miaka 28 hivi, Stewart Gore-Browne. Kazi ilipokaribia kuisha, alielekea kaskazini-mashariki, na mu 1914 akaona ziwa dogo katikati ya vilima. Pembeni ya lile ziwa njo alijenga nyumba ambayo watu wanasafiri mpaka leo kuiona.

Ziwa linaitwa Shiwa Ng'andu, na nyumba imechukua jina lile lile. Wenye kusikia Kibemba, na ku Sakania, Kasenga ao hata mu makomini ya Lubumbashi hawakosekane, wanajua kama ng'andu ni mamba. Bena Ng'andu, watu wa mamba, njo ukoo wa kifalme wa Wabemba, ukoo wa Chitimukulu. Masimulizi ya Wabemba wenyewe yanasema wakubwa wao walitoka upande wa Kongo, ku Waluba. Kwa hiyo lile ziwa lilikuwa na heshima yake mbele ya muzungu yeyote kufika. David Livingstone alipita mu ile eneo mu Januari 1867 na akapoteza imbwa wake, Chitane. Yeye aliandika kama imbwa alizama mu maji ya kinamasi. Watu wa Shiwa wanapenda kusema mamba walimukula.

Gore-Browne alipigana vita ya kwanza ya dunia ku Ulaya, kisha akarudi mu 1920. Aliazimia kuishi Afrika sawa vile matajiri wa Uingereza wanaishi mu mashamba yao: nyumba kubwa, bustani, watumishi, na watu wengi wanaomutegemea. Kwao Uingereza hakukuwa na feza ya kutosha kwa maisha ya namna ile. Shangazi yake, Ethel Locke King, ambaye bwana yake alijenga uwanja wa mashindano ya motokari wa Brooklands, njo alimusaidia sana na feza, na barua zao zilivuka bahari kwa miaka mingi.

Nyumba ilibebwa ku vichwa

Hapa njo fasi ya kusimama kidogo. Reli ilikuwa inaishia mbali, ku Ndola. Kutoka pale, vitu vyote vyenye havikuweza kufanywa ku Shiwa vilibebwa na watu kwa miguu mpaka ku muto Luapula, kisha vikapakiwa mu mitumbwi kupitia vinamasi vya Bangweulu, kisha tena ku vichwa. Safari ilikuwa ya majuma. Anayeangalia karte ataona kitu kingine: kati ya Ndola na Luapula njia ya mukato inakatiza mu ile ncha ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia, ile ya Sakania, yenye ilitokana na mapatano ya 1894 kati ya Uingereza na Leopold II.

Matofali na vigae vilitengenezwa pale pale, mu udongo wa pale, na mikono ya watu wa pale. Wanaume wa vijiji vya karibu walijifunza uashi na useremala. Pole pole nyumba ikapanda: gorofa, munara, baraza yenye nguzo, kiwanja cha ndani, kanisa kidogo, na biblioteke yenye kujaa vitabu mpaka juu. Pembeni kukawa shule, hospitali ndogo, posta, na nyumba za wafanyakazi. Kilikuwa kama kiji kizima chini ya mutu mumoja. Mugeni anayetembezwa leo anaambiwa sana juu ya mwenye kuchora ile nyumba. Ni vizuri aulize pia juu ya wale walioibeba.

Na ule mutu mumoja hakuwa mupole. Watu walimuita Chipembele, kifaru, juu ya hasira yake. Alipiga wafanyakazi, na ile haifichwe, iko mu masimulizi ya familia na mu kitabu The Africa House, chenye Christina Lamb alitoa mu 1999 kwa kufuata barua na daftari zake za kila siku. Mu 1927 alioa musichana Mwingereza yatima, Lorna Goldman, mutoto wa mwanamuke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemupenda zamani na akamukosa. Jina la mama na la binti lilikuwa moja. Walizaa mabinti wawili, lakini ndoa haikudumu.

Bustani zilipashwa kulipa

Bustani za Shiwa zinashuka kwa ngazi-ngazi mbele ya nyumba, na miti mirefu, bugenvilia na maua mengine yenye rangi kali. Hata hivyo, mashamba ya maua na matunda hayakuwa ya macho tu. Gore-Browne alitafuta kitu chepesi cha kuuzisha, juu hakuna mutu angebeba mahindi mpaka ku reli na kupata faida. Akachagua mafuta ya marashi: chupa kidogo, bei kubwa. Walipanda machungwa machungu na mimea mingine yenye harufu, wakajenga mutambo wa kuyeyusha na kukamua mafuta, na kwa miaka kazaa biashara ilienda vizuri. Kisha ugonjwa wa tristeza ukaingia mu michungwa. Ni virusi inayobebwa na vidudu vidogo vya majani, na muti uliounganishwa ku shina la chungwa chungu hauiwezi. Michungwa ilikufa. Tangu pale shamba halikupata tena kitu cha kuichukua nafasi yake.

Upande wa siasa, mambo yake hayanyooke. Mu 1935 alichaguliwa kuingia mu baraza la kutunga sheria la koloni, na kuanzia 1938 alipewa kazi ya kusemea Waafrika mu lile baraza, kwa kuwa wao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa mule. Alipinga ubaguzi wa rangi kuliko wazungu wengi wa wakati wake. Lakini mu 1948 alitoa mupango wa serkali ya ndani wenye Waafrika waliona kama kuwapa wakoloni mamlaka yote, na wengi wakakosa kumuamini. Baadaye akajiunga na UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, mutoto wa Lubwa karibu na Chinsali, si mbali na Shiwa. Alipokufa mu 1967, Zambia huru ilimuzika kwa heshima za serkali, ku kilima chenye kuangalia ziwa. Wazungu walioishi mu koloni na kupata heshima ya namna ile ni wa kuhesabu.

Kisha kifo chake, binti yake mumoja na bwana yake waliendelea na shamba kwa shida. Wote wawili waliuawa mu 1992. Nyumba ikabaki karibu tupu, mvua ikaingia mu paa na mchwa mu mbao, mpaka mujukuu mumoja alipoanza kuitengeneza mu miaka ya 2000. Leo inapokea wageni wa kulala, na kuna matembezi ya mu nyumba na bustani kwa wenye kupanga mbele. Kulala mule si bei ya kila mutu. Wenye feza kidogo wanapanga zaidi karibu na maji moto ya Kapishya, kilometa 20 hivi, na kwenda kuona nyumba mu siku moja.

Kufika

Kutoka Lubumbashi ni safari ya siku mbili kwa barabara. Unavuka Kasumbalesa na pasiporte na karte ya chanjo ya homa ya manjano, unafuata Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, kisha Serenje na Mpika. Karibu kilometa 90 kisha Mpika, ku barabara ya Chinsali, kuna njia ya udongo inayoingia upande wa kushoto mpaka ku Shiwa. Wakati wa mvua, gari ndogo itateseka pale. Wenye kuwa upande wa Sakania wanaweza kupitia Mokambo na barabara ya Pedicle mpaka daraja la Chembe, lililofunguliwa mu 2008, kisha Mansa, Samfya na Serenje. Wazambia wa Copperbelt wanaitumia kila siku kwa kwenda kwao Luapula, na katikati ya safari wanapita mu Kongo kilometa 70 hivi, wanasimamishwa ku mupaka mara mbili.